Destroya Mbili kwa Watu Elfu Sita: Hesabu za Msafara KR 8

Jumamosi ya Februari 12, 1944, yapata saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili katika bahari ya Maldives. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ilikuwa na watu 1,511, na 1,297 kati yao walikufa. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita. Sehemu kubwa ya waliopotea walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliopakiwa Kilindini juma moja hivi kabla yake. Walikuwa safarini kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mbele ya Colombo kulikuwa na vita vya Burma.

Khedive Ismail haikuwa peke yake. Ilikuwa meli ya kiongozi wa msafara ulioitwa KR 8, ikiandamana na City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Meli hizo tano zilibeba watu zaidi ya 6,000. Za kuzilinda zilitolewa manowari tatu: kruza Hawkins, ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza, na destroya mbili, Petard na Paladin. Kwa asiyezoea mambo ya manowari, kruza ni meli kubwa ya mizinga mizito na kazi yake ni kupambana na manowari nyingine juu ya maji. Mwindaji wa nyambizi ni destroya: nyepesi, yenye mbio, yenye chombo cha kusikiliza mwangwi chini ya maji na akiba ya mabomu ya kina. Kwa hiyo mbele ya adui aliyekuwepo kweli siku ile, watu 6,000 walikuwa na walinzi wawili, na yule wa tatu naye alihitaji kulindwa.

Hoja yangu ni moja. Idadi ya manowari zinazosindikiza msafara hupangwa ofisini, na watu wenye karatasi ya mgawo mbele yao, na karatasi hiyo hutuambia ni nani ambaye kupotea kwake kuliogopwa. Katika Bahari ya Hindi ya mwaka 1944 mgawo ulipigwa kwa hesabu za mizigo: meli ngapi zimeondoka, ngapi zimefika, tani ngapi zimezama. Kwa shehena ya ngano au petroli hesabu hiyo inatosha. Kwa watu waliojazwa chini ya sitaha haitoshi, na wapangaji walilijua hilo, maana kwingineko hawakuitumia.

Tangu mwanzo wa karne ile askari walikuwa na heshima yao baharini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza waliwasindikiza askari mara moja. Novemba 1, 1914 meli zilizobeba Waaustralia na watu wa New Zealand ziling'oa nanga Albany, Australia, zikiwa chini ya ulinzi wa kruza, mojawapo ikiwa Ibuki ya Japani, ambayo wakati huo ilikuwa upande wa Uingereza. Meli za chakula na biashara, kwa sehemu kubwa, ziliachwa zijiendee zenyewe hadi mwaka 1917, nyambizi za Ujerumani zilipokaribia kuishindisha Uingereza na njaa. Maofisa waliopinga misafara walikuwa wakisema kwamba kuzikusanya meli pamoja ni kumrahisishia adui kazi. Ikaja kuonekana kinyume chake. Bahari ni pana mno. Kundi la meli 40 huonekana kwa shida karibu sawa na meli moja, ilhali meli 40 zilizotawanyika humpa mwindaji nafasi 40 za kubahatisha.

Katika vita vya pili mwanafizikia Patrick Blackett na wenzake, waliokuwa wakilifanyia hesabu jeshi la majini la Uingereza, waliongeza jambo ambalo mabaharia wenyewe walikuwa hawajalitia maanani. Ukizidisha meli za msafara mara mbili, mzunguko wa kulindwa hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa asilimia 40 tu. Walinzi walewale basi wanaweza kuchunga kundi kubwa zaidi bila kuacha mianya mikubwa. Misafara ya Atlantiki ikakuzwa kwa kufuata hesabu hiyo.

Sasa igeuze upate KR 8. Msafara wa meli tano ni mdogo, lakini mzunguko wake haupungui kwa kadiri idadi ya meli inavyopungua. Meli haziwezi kwenda zikigusana mabega. Zinahitaji nafasi ya kugeuka kwa pamoja zinapokwenda kwa kupindapinda ili kumvuruga mlengaji. Chombo cha mwangwi cha destroya, hali ikiwa njema, kilishika kitu umbali wa kilomita mbili hivi. Ukiziweka destroya mbili mbele, moja kulia na moja kushoto, ubavu na nyuma vinabaki wazi. Ukiirudisha moja nyuma, mbele kunabaki sikio moja. Tena maji ya tropiki yana ukaidi wao. Jua la mchana likishapasha tabaka la juu, sauti hupinda kuelekea kina, na hubaki eneo ambalo mwangwi haufiki. Wamarekani waliligundua hilo kabla ya vita, baada ya kuona vyombo vyao vinasikia vizuri asubuhi na kuzibwa masikio alasiri. KR 8 ilishambuliwa saa nane na nusu mchana, kwenye nyuzi chache tu kutoka ikweta.

Hawkins ilikuwa na kazi gani pale? Jibu liko kwenye kumbukumbu ndefu ya bahari hii. Mwaka 1914 kruza moja ya Kijerumani, Emden, iliteka au kuzamisha meli za biashara zaidi ya 20 kabla ya Sydney, mmoja wa wasindikizaji wa msafara ule wa Albany, kuchomoka na kuiharibu katika visiwa vya Cocos Novemba 9. Kruza mwenzake Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja Septemba 20 mwaka uleule, kisha ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915. Tangu hapo kila aliyepanga safari ya askari katika Bahari ya Hindi alianza kwa kuuliza: ikitokea kruza, nani ataikabili? Katika vita vya pili Wajerumani walituma meli za biashara zilizofichwa mizinga, na hofu ikaendelea. Lakini ya mwisho kati ya hizo iliyokuwa bado ikiwinda baharini, Michel, ilizamishwa Oktoba 1943. Mwanzoni mwa 1944 mwizi aliyekuwa akipita hapa alikuja kwa chini.

Niseme haki: hofu ile haikuwa ya bure kabisa. Mwezi mmoja baada ya msiba wa Khedive Ismail, kruza ya Kijapani Tone iliizamisha meli ya mizigo Behar katika bahari hiihii. Kwa hiyo siilaumu Hawkins kwa kuwepo. Ninachokataa ni kuihesabu kama theluthi ya ulinzi.

Kwamba wasindikizaji wa kutosha hufanya kazi, hilo halina ubishi. Mfano ninaoupenda ni wa Krismasi ya 1940. Msafara WS 5A ulikuwa umetoka Uingereza kuizunguka Afrika nzima hadi Misri, safari ya miezi, kwa sababu Mediterania ilikuwa imefungwa na Waitalia. Kruza nzito ya Kijerumani Admiral Hipper iliufuatia usiku, ikidhani imepata kundi la meli za biashara zisizo na ulinzi wa maana. Alfajiri ya Desemba 25 ikasogea, ikakuta kruza tatu: Berwick, Bonaventure na Dunedin. Yakatokea mapigano mafupi ndani ya ukungu na mvua. Berwick iliumia, meli moja ya askari ilipata madhara, na Hipper ikageuza kuelekea Brest. Hakuna meli hata moja ya msafara iliyozama. Misafara ya WS iliendelea hivyohivyo hadi mwaka 1943, ikipita Freetown, Cape Town na Durban, na waliopotea kwa adui walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliofika. Ni miongoni mwa kazi kubwa za uchukuzi ambazo watu hawazijui, kwa kuwa safari iliyofika salama haina msimuliaji.

Kuna mfano mwingine unaonyesha mgawo unavyoweza kuwa mkarimu wapangaji wakitaka. Novemba 10, 1941 Divisheni ya 18 ya Uingereza iliondoka Halifax, Kanada, ndani ya meli sita za askari za Kimarekani. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Hata hivyo ilitoa manowari ya kubeba ndege Ranger kwa sehemu ya njia, kruza mbili na destroya nane. Msafara ukafika Cape Town Desemba 9, siku mbili baada ya Wajapani kuishambulia Marekani huko Pearl Harbor, bila kupoteza mtu kwa adui. Meli mojawapo, Mount Vernon, ikaendelea na brigedi yake hadi Mombasa, na kutoka hapo hadi Singapore, ambako ilitia nanga Januari 13, 1942. Februari 15 Singapore ikasalimu amri, na divisheni ile iliyosindikizwa kwa fahari yote ikaingia utekwani. Kazi ya msindikizaji huishia gatini. Linalofuata ni la wengine. Ila mtu atakayesema destroya nane kwa meli sita haziwezekani, akumbuke kwamba ziliwahi kutolewa na nchi ambayo haikuwa hata vitani.

Katika Bahari ya Hindi mambo yalikuwa mengine, na chanzo chake ni Aprili 1942. Juma moja tu, ndege za manowari za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee na kuzamisha kruza Cornwall na Dorsetshire, kisha manowari ya kubeba ndege Hermes. Admirali James Somerville akakimbiza sehemu ya meli zake hadi Kilindini, na Mombasa ikageuka kuwa makao ya Kundi la Mashariki la jeshi la majini la Uingereza. Hata wavunja misimbo walihamia huko. Walifanya kazi yao katika jengo la shule ya Allidina Visram, wakisikiliza redio za Kijapani kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa muda mfupi Kilindini ilikuwa na sura ya bandari ya dola.

Halafu ikaanza kunyonywa. Manowari ziliondolewa moja moja: kwenda Madagaska, kwenda Afrika Kaskazini, kwenda Sicily na Italia. Somerville alilalamika mara kwa mara kwamba hana destroya, na alikuwa na sababu. Juni na Julai 1942 nyambizi chache za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji na jirani yake, nyingi zikiwa zinasafiri peke yake kwa kuwa hapakuwa na wa kuzisindikiza. London ilisikia, ikapima, ikaendelea kunyonya. Kwa mizani ya vita vizima sioni kama ilikosea. Ungezipeleka destroya Mombasa wakati Malta inakaribia kuanguka? Hata mimi nisingezipeleka.

Januari 1944 Kundi la Mashariki lilianza kunenepa tena, na hapa ndipo ninapopata shida na wapangaji. Waliofika Ceylon mwishoni mwa mwezi huo ni manowari za kifahari: Queen Elizabeth, Valiant, Renown, na Illustrious ya kubeba ndege. Meli za aina hiyo haziendi popote bila destroya za kuzizunguka. Kwa hiyo kila manowari kubwa iliyokuja iliongeza idadi ya midomo ya kulishwa kutoka kwenye sahani ileile. Wakati huohuo Waingereza na Wamarekani walikuwa wametua Anzio, Italia, Januari 22 na walikuwa wakikusanya meli kwa ajili ya Normandy. Siku nane baada ya Khedive Ismail kuzama, msafara JW 57 uliondoka Scotland kuelekea Urusi na meli za mizigo 42. Ulikuwa na manowari ya kubeba ndege, kruza na destroya zaidi ya 10. Shehena yake kubwa ilikuwa vifaa.

Najua jibu la mtetezi. Bahari ya Norway ilikuwa imejaa nyambizi na ndege za Kijerumani, ilhali Bahari ya Hindi ilikuwa na nyambizi chache, za Kijapani na za Kijerumani, zilizotokea Penang, bandari ya Malaya iliyokuwa mikononi mwa Japani. Ukigawa walinzi kwa kadiri ya hatari, Kaskazini ilistahili zaidi. Ni kweli, na hesabu hiyo haina kosa kama unachokipima ni wastani. Njia ya Kilindini hadi Colombo, maili za baharini 2,500 hivi, ilikuwa imepitisha maelfu ya askari wa Afrika Mashariki tangu 1943, wakiwemo wa Divisheni ya 11, na walifika. Kwa wastani njia ilikuwa salama. Ila wastani ni kipimo cha mambo madogo yanayojirudia. Meli ya mizigo ikizama katika njia yenye hatari ndogo, unapoteza mabaharia 50 au 60 na shehena, kisha wastani unarudi pale pale. Meli ya askari ikizama katika njia hiyohiyo, kwa hatari ndogo ileile, unapoteza watu 1,297 kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Uwezekano haujabadilika, kilichobadilika ni ukubwa wa shimo, na karatasi ya mgawo haikuwa na safu ya kuandikia ukubwa wa shimo.

Zipo njia nyingine za kumlinda askari baharini, na mojawapo ni mbio. Queen Mary, meli kubwa ya abiria ya Uingereza, ilivusha mamia ya maelfu ya Wamarekani Atlantiki karibu bila msindikizaji, kwa sababu hapakuwa na nyambizi iliyoweza kuifukuza meli iendayo maili za baharini 28 kwa saa. Meli za KR 8 hazikuwa na anasa hiyo. Khedive Ismail iliundwa 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, kisha ikauzwa Misri mwaka 1935 na kupewa jina la Khedive, cheo cha zamani cha watawala wa Misri. Ilikuwa meli ya abiria ya kawaida, imebanwa watu kupita ilivyokusudiwa, na mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye mzito kuliko wote.

Tuingie sasa kwenye alasiri yenyewe, maana humo hesabu ya walinzi wawili inaonekana kwa macho.

Meli iliposhuka, huenda mamia ya watu walikuwa hai majini, wengine wamening'inia kwenye maboya, wengine wakiogelea ndani ya mafuta mazito yaliyomwagika. Meli nyingine nne ziliondoka kwa kasi yote zikiongozwa na Hawkins. Ndivyo amri ilivyokuwa, na ilikuwa amri sahihi. Anayesimama kuokoa hugeuka shabaha ya pili. Queen Mary ilifuata amri hiyohiyo Oktoba 1942 ilipoikata katikati kruza Curacoa, mlinzi wake mwenyewe, karibu na Ireland: haikusimama, na mamia ya mabaharia wakafa. Zikabaki Petard na Paladin na kazi mbili zisizopatana. Kuna watu wa kuokoa, na kuna nyambizi ya zaidi ya mita 100 mahali fulani chini, yenye topido za kutosha kuifuata City of Paris.

Paladin iliteremsha mashua na kuanza kuokota watu. Petard iliwinda. Kamanda wake, Rupert Egan, aliona kwamba I-27 imejificha chini ya watu walewale wanaoogelea, na akaamuru mabomu ya kina yaangushwe karibu nao. Bomu la kina haliulizi uko upande gani. Msukumo wa maji humpasua mtu aliyezama nusu mwili, matumbo na mapafu. Baadhi ya walionusurika topido waliuawa na walinzi wao.

Sina haja ya kumhukumu Egan. Kwa alichokuwa nacho, alifanya hesabu ambayo wengi wangeifanya: mamia hawa dhidi ya maelfu wanaokimbia upeoni. Ninachouliza ni nani aliyempangia hesabu hiyo. Angekuwa na destroya nne, mbili zingeifunika I-27 na kuisukuma mbali, moja ingeokota watu, moja ingeandamana na msafara. Kwa mbili, kila jambo alilolifanya lilikuwa ni kuacha jingine.

Baada ya mabomu, I-27 iliibuka. Mizinga ya destroya ikaipiga bila kuitoboa vya kutosha. Paladin ikajaribu kuigonga, ikabatilisha dakika ya mwisho, na bawa la chuma la nyambizi likauchana ubavu wake hadi ikashindwa kuendelea na pigano. Kwa hiyo walinzi wawili wakabaki mmoja. Petard ikaanza kurusha topido moja baada ya nyingine kwa nyambizi iliyokuwa ikizunguka juu ya maji. Ya saba ndiyo iliyopiga. Kamanda Toshiaki Fukumura na karibu mabaharia wake wote walikwenda chini nayo.

Vitabu vya manowari vinaipenda sana Petard kwa sababu ya siku hiyo. Ndiyo meli pekee inayotajwa kuwa ilishiriki kuzamisha nyambizi za mataifa yote matatu adui: U-559 ya Ujerumani mwaka 1942, ambayo ndani yake zilipatikana hati za siri za misimbo, Uarsciek ya Italia, na I-27. Ni sifa ya haki. Lakini tazama msiba wa KR 8 unavyosomeka katika daftari la mizigo: meli tano zimetoka, nne zimefika, nyambizi moja kubwa ya adui imezama. Mtu wa takwimu angeiweka siku hiyo upande wa faida.

Lingewezekana nini lingine bila kuiba destroya Anzio? Mambo ya kawaida tu. Misafara miwili midogo ya Kilindini ingeunganishwa mmoja, kwa kufuata hesabu za Blackett ambazo London tayari ilizijua, na walinzi wa ile miwili wakawa wanne. Kikosi kizima cha mizinga kisingepakiwa katika meli moja kongwe. Kugawanya kikosi katika meli tatu kunawaudhi maofisa wa ugavi, lakini hakumalizi kikosi kwa pigo moja. Destroya mbili za manowari kubwa za Ceylon zingetoka kuulaki msafara kabla ya kuingia Mlango wa Nyuzi Moja na Nusu, mwanya kati ya visiwa vya Maldives ambao meli za Colombo huupitia na ambao kila nahodha wa nyambizi mwenye ramani angeuchagua kuvizia. Queen Elizabeth na Renown zingekaa bandarini siku nne zaidi. Sidhani Japani ingeshinda vita kwa sababu hiyo.

Kama unataka kuiona ngazi nzima ya mgawo huu, shuka daraja moja zaidi. Novemba 28, 1942 meli Nova Scotia ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani U-177 karibu na pwani ya Natal ikiwa haina msindikizaji hata mmoja. Watu 858 walikufa, wengi wao Waitalia waliozuiliwa waliokuwa wakihamishwa kutoka upande wa Eritrea kwenda Afrika Kusini. Wafungwa wa adui, walinzi sifuri. Askari wa Afrika Mashariki na wauguzi, walinzi wawili na kruza kongwe. Divisheni ya Waingereza, destroya nane. Manowari za fahari, kadiri zitakavyohitaji.

Ngazi hiyohiyo ilifuata hadi kwenye kukumbukwa. Khedive Ismail inatajwa Uingereza hasa kwa ajili ya wanawake 77 waliokufa ndani yake, wauguzi na watumishi wa jeshi la majini, idadi kubwa kuliko zote katika tukio moja kwa wanawake waliohudumu chini ya bendera ya Uingereza, na wanastahili kutajwa. Anatajwa pia Kenneth Gandar-Dower, mwandishi wa habari za vita, yule aliyewahi kuwatoa duma Kenya akawapeleka London kushindanishwa mbio kama mbwa. Wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 hutajwa kwa jumla, kwa namba ya kikosi chao. Majina yao yapo mmoja mmoja katika mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, na yeyote anayeandika upya habari za Petard anaweza kuanzia hapo.